Nanga na Mwenye Nanga: Ala, Utunzaji na Utenzi katika Bukoba na Muleba

Mtu wa kisiwani akisikia neno nanga huona chuma kilichotoswa majini na jahazi lililotulia juu yake. Mhaya wa Bukoba au wa Muleba akilisikia neno hilohilo, enanga kwa matamshi ya kwao, huona ubao uliochimbwa mfano wa chano kirefu, ukatandwa nyuzi. Maneno haya mawili hayana nasaba. Letu wataalamu hulihusisha na Kiajemi, lugha ya mabaharia waliotuzoea. Lao ni la Kibantu, na limeenea katika nchi zote za Maziwa Makuu likibadilisha sura kila linapofika. Kwa Waganda ennanga ni kinubi chenye shingo iliyopinda, kwa Wanyarwanda na Warundi inanga ni ndugu wa damu wa ile ya Wahaya.

Linalomhusu zaidi mpenzi wa ushairi ni jambo jingine. Katika Kihaya enanga ni jina la ala, na papo hapo ni jina la utungo unaoghaniwa kwa ala hiyo, yaani utenzi wa mashujaa na miungu. Sisi tuna utenzi, na tuna udi, na tuna kanuni, na kila kimoja kina jina lake na fundi wake. Mhaya amevitia ushairi na chombo chake katika neno moja. Basi anayeuliza ni nani aliyemiliki nanga, aliitunza vipi, na ilipovunjika ilikwenda wapi, anauliza historia ya ushairi wenyewe, hata kama mwenye nanga alikuwa mkulima wa migomba tu aliyeipiga jioni kwa raha yake.

Na tuitazame ala kwanza. Nanga ni kipande kimoja cha mti kilichochongwa kwa tezo hata kikawa na uwazi wa kina kifupi, kingo zake zikiinuka kidogo. Katika ncha zake mbili huchongwa meno, na humo hupitishwa uzi. Nasema uzi, wala si nyuzi, kwa sababu ingawa jicho huona mistari saba au minane iliyolala sambamba, huo ni uzi mmoja mrefu uendao na kurudi kutoka ncha hadi ncha. Hakuna vigingi vya kukazia kama vya udi au gitaa, wala hakuna ufunguo kama ule wa mpiga kanuni. Mwenye nanga huvuta mstari wa kwanza mpaka utoe sauti anayoitaka, kisha ziada ya uzi huisukuma kwenye mstari wa pili, na ya wa pili kwenye wa tatu, hata afike mwisho. Kinachouzuia uzi usirudi ulikotoka ni msuguano wake na mti, basi. Mstari mmoja ukilegea, jirani zake wote hupata habari.

Sauti yake ni ndogo. Haiwezi kushindana na ngoma uwanjani wala na watu waliokwisha kunywa rubisi. Inataka nyumba, watu wachache waliokaa karibu, na usiku. Udogo huu wa sauti, kwa maoni yangu, ndio umeifanya nanga iwe ala ya kumilikiwa na mtu binafsi, ilhali ngoma katika nchi hiyohiyo zilikuwa mali ya dola.

Ushahidi wa zamani kwa maandishi tulionao unatoka Karagwe, jirani ya magharibi ya nchi za Bukoba. Mwishoni mwa mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, waliingia katika ufalme wa Rumanyika kwa njia iliyokwisha kusawazishwa na wafanyabiashara wa pwani waliokuwa na kituo Kafuro. Mwezi Januari 1862 Speke akaendelea na safari kwenda Buganda. Grant, aliyekuwa na ugonjwa wa mguu, akabaki Karagwe mpaka mwezi wa Aprili. Mgonjwa aliyelala husikia mengi ambayo msafiri mzima huyapita. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1864 Grant aliandika juu ya ala za nchi ile, na miongoni mwa zile za nyuzi aliipa nanga nafasi ya juu. Alisema ina nyuzi saba au nane, na kwamba katika moja aliyoisikia ikipigwa na mwanamke mzee, sauti sita kati ya saba zilifuatana barabara na ngazi ya sauti aliyoizoea yeye. Ya saba tu ndiyo aliyoiona ina kasoro.

Hapa msomaji na asimame kidogo. Hiyo sauti ya saba si lazima iwe ilikuwa na kasoro. Huenda sikio la Grant ndilo lililokuwa na ngazi ya kwake. Au huenda, kwa jinsi uzi ule mmoja unavyosukumwa kutoka mstari hadi mstari, ulegevu wote ulikuwa umekusanyika mwishoni. Lakini kilicho kikubwa zaidi katika habari ile ni yule mpigaji. Tumezoea kuambiwa kwamba nanga ya Wahaya na jirani zao ni ya wanaume, na aghalabu ndivyo ilivyo. Hata hivyo, shahidi wa zamani alimkuta mwanamke mzee na ala iliyolinganishwa vizuri. Yamkini mtu huyo hakuwa mghani wa barazani kwa mfalme. Alikuwa mtu mwenye nanga.

Na sasa tuiweke nanga hii kando ya ngoma. Speke alisimuliwa jinsi Rumanyika alivyopata ufalme baada ya kufa baba yake, Dagara. Wana watatu walishindania kiti, wakawekewa mbele yao ngoma ndogo ya ajabu, na aliyeweza kuinyanyua ndiye mfalme. Wenziwe wakashindwa, Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo. Tusiingie katika kuuliza iliwezekanaje. Kisa hicho kinatuonyesha kwamba katika nchi zile ngoma ilikuwa ufalme wenyewe, na lugha za huko zilitumia jina lake kwa maana ya dola. Ilikuwa na watunzaji wake walioishi kwa kazi hiyo, na mtu wa kawaida hakuwa na ruhusa ya kuigusa.

Watu wa Unguja hawana haja ya kufafanuliwa jambo hili. Mwinyi Mkuu wa Dunga naye alikuwa na ngoma zake na siwa yake, na Lamu na Pate zilikuwa na siwa zao, na havikupigwa ila kwa amri na kwa shughuli ya utawala. Mwaka 1873 Mwinyi Mkuu wa mwisho alipofariki, vile vyombo vilibaki, lakini haikubaki sababu ya kuvipiga. Vikawa vitu vya kutazamwa.

Yale yale yaliwafika Wahaya. Emin Pasha alipoweka kituo cha Wajerumani Bukoba mwezi Novemba 1890, nchi ile ilikuwa na falme kadhaa: Kiziba, Bugabo, Kyamutwara, Kanyangereko, Kihanja, na upande wa kusini Ihangiro, ambayo leo ni sehemu kubwa ya Muleba. Wajerumani, na Waingereza baada yao, waliwaacha Bakama vitini mwao kwa manufaa ya utawala. Wengine walinufaika sana. Kahigi wa Kihanja alikuwa kipenzi cha Wajerumani hadi alipofariki mwaka 1916. Kwa hiyo ngoma ziliendelea kulia, na waghani walioalikwa kwa Mukama waliendelea kula na kunywa kwake. Ndipo Tanganyika huru ilipofuta uchifu mwaka 1963. Kwa kalamu moja, kazi ya mtunza ngoma ya ufalme ikakosa mwajiri.

Nanga haikukosa mwajiri, kwa kuwa haikuwa naye. Hata yule mghani aliyekuwa akiitwa kwa Mukama alikwenda na ala yake mkononi na kurudi nayo kwake, ikatundikwa ukutani kama alivyotundika mundu. Uchifu ulipofutwa hapakuwa na afisa wa kuja kuihesabu nanga ya mtu. Nadhani hapa ndipo ilipo siri ya tendi zile kudumu kuliko mabaraza yaliyozisikiliza: chombo chake kilikuwa mikononi mwa watu waliokipenda bila kulipwa.

Lakini kupenda ni jambo moja, na kutunza ni kazi. Pwani ya ziwa pale Bukoba hupata mvua nyingi kuliko sehemu nyingi za Tanzania, kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka; kadiri uendavyo ndani, Muleba na kuelekea Karagwe, mvua hupungua. Uzi wa asili wa nanga ni kano za ng'ombe zilizokaushwa, zikachambuliwa, zikasokotwa. Kano hunywa unyevu. Masika yakishika hulegea, na kiangazi hukakamaa hata zikakatika. Mpiga udi wa Unguja anaijua adha ya unyevu, kwani gundi humwachia na tumbo la ala hufunguka; lakini akiwa na uzi mmoja tu uliolegea huzungusha kigingi kimoja na kuendelea. Mwenye nanga huanza upya kutoka mstari wa kwanza.

Moto ndio uliokuwa dawa. Katika msonge, ile nyumba ya nyasi ya Wahaya iliyofika chini mpaka ardhini, jiko lilikuwa ndani na moshi ulitafuta njia yake taratibu kupitia nyasi za juu. Ala iliyotundikwa humo ilipata joto la kuuweka uzi mkavu na moshi wa kuwafukuza wadudu watoboao mti. Misonge ilipotoweka na nyumba za bati zikashika nafasi, jiko likatolewa nje. Afya ya macho na mapafu ilinufaika, na hakuna mwenye akili atakayelalamikia jambo hilo. Ila nanga iliyohamia sebuleni, kati ya picha za arusi na kalenda, imekosa moshi wake. Baada ya miaka kadhaa huanza kutoa unga mwembamba kama wa muhogo, na mwenye nyumba hudhani ni vumbi.

Kano nazo zina historia. Ili uzi upatikane sharti ng'ombe achinjwe, na katika nchi ya migomba ng'ombe hawakuwa wengi kwa kila kaya. Tauni ya ng'ombe iliyoikumba Afrika Mashariki kuanzia 1890 iliteketeza mifugo ya nchi za maziwa kwa kiasi cha kutisha. Waliohesabu hasara ya miaka ile walihesabu maziwa, mbolea ya migomba na mahari. Hakuna aliyehesabu nyuzi, wala hatumlaumu. Lakini mpiga nanga ambaye uzi wake ulikatika mwaka ule ilimbidi aufunge fundo na kuvumilia sauti ya fundo, au anyamaze.

Baadaye ukaja uzi wa nailoni, kwanza kwa ajili ya wavuvi. Kwa wenye ala za nyuzi huu ulikuwa ukombozi: haunywi maji, haugugunwi na panya, wala hauhitaji machinjio. Wapo wanaosema umeua sauti. Mimi siafikiani nao moja kwa moja. Ni kweli kwamba kano ina ukwaruzo fulani unaoishika sauti na kuifupisha, na nailoni ni laini zaidi, huteleza kwenye meno ya ubao na hurefuka siku za kwanza, ikibidi kuvutwa tena na tena. Lakini nanga ya nailoni inayopigwa ni bora kuliko nanga ya kano iliyokaa bila uzi ikingojea ng'ombe.

Tuje kwenye tungo zenyewe. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki kutoka kusini mwa Afrika, alipita Tanganyika na mitambo yake, na Wahaya wakawa miongoni mwa aliowarekodi. Mmarekani Peter Seitel alifanya utafiti wa muda mrefu juu ya fasihi simulizi ya Wahaya, akatoa vitabu mwaka 1980 na 1999. Katika tungo alizozishughulikia umo utenzi wa Mugasha, bwana wa ziwa na dhoruba. Na mwaka 1986 Mugyabuso Mulokozi, mwenyewe mwana wa Kagera, alikamilisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu ya uzamivu juu ya tendi za nanga za Wahaya. Kazi hiyo ilikuwa na hoja ya kujibu. Mwaka 1970 Ruth Finnegan alikuwa ameandika, katika kitabu kilichosomwa kila mahali, kwamba utendi hasa hauelekei kuwa utanzu wa Afrika. Mulokozi alijibu kwa nanga. Alileta tungo nzima nzima, zikiwemo za mghani maarufu Habibu Selemani, na utenzi wa Rukiza ukawa mmojawapo wa mifano yake.

Jina la mghani huyo, Habibu Selemani, lingepita Malindi au Michenzani bila mtu kugeuka. Dini na majina vilipanda bara kwa njia ileile ya Kafuro na Tabora, vikakuta nanga, na nanga haikuachwa. Wale wanaoamini kwamba utamaduni mmoja ukiingia sharti mwingine utoke na wamtazame mtu huyu, Mwislamu kwa jina, aliyekalia ghala la visa vya mashujaa wa Kihaya na kuvighani kwa ufasaha.

Mulokozi huyohuyo wasomaji wa mashairi wanamjua kwa sababu nyingine. Yeye na Kulikoyela Kahigi walitoa *Malenga wa Bara* mwaka 1976, na wakawa katika safu ya mbele ya mgogoro wa vina na mizani uliowagombanisha washairi wetu kwa miaka mingi. Watu wa pwani, wakiwa na *Sheria za Kutunga Mashairi* za Kaluta Amri Abedi mikononi tangu 1954, waliona kwamba vijana wale wanabomoa nyumba wasiyoijenga. Sitaufufua ugomvi ule. Nauliza tu kama pande zote mbili ziliitazama nanga vya kutosha. Utungo wa nanga hauna vina vya mwisho, wala mistari yake haina idadi moja ya mizani. Ukiuandika kwenye karatasi unaonekana kama maneno yaliyomwagika. Lakini ukipigwa hautoki nje ya mpaka hata kidogo, kwani uzi unaushika. Mghani hurefusha mstari, hufupisha, hunena kama anayezungumza, na vidole vinamrudisha. Kipimo chake kipo, ila hakipo kwenye maneno. Kwa hiyo anayeusoma utenzi wa Mugasha kitabuni na kusema hauna arudhi anasema kweli juu ya kitabu, na anakosea juu ya utenzi.

Na kama kipimo kimo katika uzi, basi ala ikipotea hupotea nusu ya ushairi hata maneno yote yakiandikwa. Miaka ya karibuni imekuwa na mapigo mengi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera. Watu walikimbia kuvuka mto. Anayekimbia hubeba mtoto, godoro na sufuria. Sidhani kama wengi walibeba ubao wenye nyuzi. Vita ilipokwisha mwaka 1979, mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Kisha mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage huko Muleba, wakatambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania. Ugonjwa ule uliwachukua hasa watu wa makamo, wale ambao wangekuwa wameketi kati ya babu na mjukuu. Tendi hizi hazikufundishwa darasani. Kijana alijifunza kwa kukaa karibu na mkubwa wake miaka na miaka, kwanza akisikiliza, kisha akiachiwa kuuvuta uzi, mwishowe akiachiwa mdomo. Kiungo cha kati kilipokatika, mjukuu alirithi ala bila utenzi. Na tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliitikisa Bukoba, likaua watu na kuangusha nyumba kwa maelfu pamoja na kila kilichokuwa kimetundikwa kutani.

Sanaa ya Wahaya haikunyamaza kwa hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli aliimba kwa Kihaya, na nchi nzima ikacheza, watu wa visiwani wakiwemo, bila kujua maneno. Lakini wimbo wa dakika tano na utenzi wa usiku kucha ni mali mbili tofauti, na vijana wa Bukoba wapendao ala leo, kama wenzao wa Unguja, kwanza huona gitaa na kinanda cha umeme. Sioni ubaya. Gitaa lina nyuzi sita zinazouzwa dukani, kila moja kwa unene wake, na mwenye kuanza hupata nota na mwalimu. Nanga haina duka.

Kinachonisikitisha ni kwamba wasomi na watalii wanaozipenda nanga huzipenda kama mbao. Nanga nyingi zilizomo katika makumbusho ya Ulaya zimetunzwa kwa namna ambayo nyumba ya Kagera haiwezi kuifikia: unyevu umepimwa, mwanga umepunguzwa, mdudu hana njia. Uzi wa ala iliyotunzwa hivyo hauvutwi, kwa kuwa kuuvuta ni kuuchosha mti. Kwa mtunza makumbusho hiyo ni hekima. Kwa mghani ni sawa na kuuhifadhi msahafu kwa sharti kwamba usifunuliwe. Mwenye nanga wa Kamachumu au Kanyigo aliyefunga uzi wa nyavu, akaziba ufa kwa gundi ya seremala, huenda ameiharibu ala machoni pa mtaalamu, lakini ni yeye aliye na kitu cha kulinganisha sauti jioni.

Mtu wa kisiwani anayetaka kujaribu hahitaji kufika mbali ili aonje ugumu wake. Na achukue ubao, auchonge meno saba kila ncha, apitishe uzi mmoja wa mshipi wa samaki, kisha aulinganishe bila kigingi. Akifika mstari wa tano atakuta wa pili umeshuka. Arudi, asukume ziada mbele, aanze tena, na siku ya mvua aanze mara tatu. Wapiga nanga walifanya hivyo huku wageni wamekaa, rubisi imemiminwa, na Mugasha bado hajatoka ziwani.